Je, Wajua? Cherehani Cheusi na Mfarishi wa Viraka

Je, wajua kwamba siti ya bodaboda iliyokufikisha stendi ya Tunduma ni ndugu wa matandiko yanayotundikwa kwenye majumba ya makumbusho huko Marekani? Itazame vizuri ukishuka. Juu leksini, katikati sponji, chini kitambaa cha kushikilia, na mishono ya almasi imepita ikazifunga tabaka zote tatu zikawa kitu kimoja. Toa leksini uweke kitenge, toa sponji uweke blanketi kuukuu, umepata mfarishi wa kitandani. Mji wa malori na bodaboda haukosi mafundi wa kazi hiyo. Kinachosikitisha ni kwamba ujuzi wote huo unakaliwa.

Je, wajua kazi ya mishono ile si urembo? Kinachokupa joto usiku si pamba yenyewe, ni hewa iliyotulia ndani yake. Mfarishi usiopigwa mishono ukifuliwa mara chache tu, pamba yote huteremka na kujikusanya pembeni, katikati pakabaki nguo mbili tupu. Pamba ya kuchambua inataka mishono isiyoachana zaidi ya inchi 2 au 3. Blanketi la zamani, kwa kuwa limeshafumwa, linavumilia hata shubiri nzima kati ya mshono na mshono. Ila usizidishe. Ukishona mistari iliyobanana mno unaifukuza hewa, na tandiko linakuwa zito, gumu na baridi. Anayelala Ileje au kwenye miinuko ya Mbozi mwezi Juni hahitaji kuelezwa zaidi.

Je, wajua cherehani cha zamani cha bibi yeyote pale Mlowo kimeshakaa mikoa miwili bila kusogezwa hata hatua moja? Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa. Cherehani kikaendelea kushona.

Je, wajua kwamba vyerehani vingi vyeusi vya miguu vilivyopo barazani kwa mafundi wetu, Butterfly ya Shanghai ikiwemo, vimefuata umbo la mashine moja tu? Ni Singer ya daraja la 15, iliyoanza mwishoni mwa karne ya 19. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wajapani waliinakili kwa wingi, na Wachina na Wahindi nao wakafanya hivyo hivyo. Faida yake tunaila sisi: sindano ni zilezile, bobini ni zilezile, hata kesi ya bobini kwa kawaida inaingiliana. Mwenye Singer ya daraja hilo ya urithi akipoteza kesi, anakwenda dukani ananunua ya Kichina na siku inaendelea. Jaribu kufanya hivyo na mashine ya kisasa yenye kioo cha kubonyeza.

Je, wajua Singer nyingi zilizoletwa Afrika Mashariki zilizaliwa Uskoti? Kiwanda kilikuwa Clydebank, karibu na Glasgow, na mwaka 1913 pekee kilitoa zaidi ya mashine milioni moja. Kilifungwa mwaka 1980. Mpaka leo treni husimama pale kwenye stesheni inayoitwa Singer. Kama cherehani chako ni cha huko, tafuta kibati au alama ya namba upande wa kulia wa kitako: herufi moja au mbili, kisha tarakimu. Kwa namba hiyo unaweza kujua mwaka kilipotengenezwa, na pengine ukagundua kwamba kina umri mkubwa kuliko Jamhuri.

Tukirudi kwenye mali ya Kichina kama Butterfly: je, wajua reli ya TAZARA, inayokatiza Mbozi na kutokea Tunduma kabla ya kuingia Zambia, ililipiwa kwa sehemu na bidhaa za madukani? Reli ina urefu wa kilomita 1,860. Ujenzi ulianza mwaka 1970 na makabidhiano yakafanyika mwaka 1976. Mkopo wa China haukuwa na riba, na sehemu ya gharama za ndani ilipatikana kwa Tanzania na Zambia kuuza bidhaa za Kichina zilizoletwa kwa mkopo. Mali ya Kichina haikuanza kufika Tunduma na simu za mkononi.

Sasa tuingie kwenye mashine yenyewe, maana hapo ndipo watu hukata tamaa bure. Mtu anaona mfarishi mzuri kwenye simu, anauliza bei ya mashine iliyotumika, anaambiwa mamilioni, anaacha. Je, wajua mwenye mashine hiyo ya mamilioni hununua kibati cha ziada ili mashine yake ifanane na yako? Mashine zenye zigizaga zina tundu pana la sindano, kwa kuwa sindano inabidi iende kushoto na kulia. Kwenye tundu pana kitambaa huzama kidogo kila sindano inaposhuka, na mshono unayumba. Kwa hiyo mshonaji makini hununua kibati chenye tundu dogo la duara, la mshono ulionyooka tu. Cherehani chako cheusi kimezaliwa nalo. Hakijui zigizaga, hakijui kushona matundu ya vifungo, kinajua mshono ulionyooka tu, na mfarishi hauhitaji zaidi ya hapo.

Je, wajua sindano namba 14 na sindano namba 90 ni sindano moja? Tisini ni unene wa milimita 0.9, kumi na nne ni hesabu ya Singer. Kwa kitenge na blanketi jembamba hiyo inatosha. Ukifika kwenye jinzi, panda mpaka 16, yaani milimita 1. Kama uzi unakatika kila baada ya hatua tatu, angalia sindano kabla hujaanza kuzungusha tensheni: uzi unatakiwa uingilie upande wenye mfereji mrefu, mkabala na ule ubapa wa juu. Sindano iliyogeuzwa imewatesa watu wengi kuliko tensheni.

Je, wajua kwamba mafundi wetu wa kudarizi wanajua kitu ambacho Wamarekani wamekiandikia vitabu vizima? Mtazame anayedarizi jina la maharusi kwenye shuka, au nembo ya shule kwenye sweta. Ameung'oa mguu wa cherehani. Ameivuta nguo ikakaza kwenye duara la mbao. Miguu inakanyaga mwendo mmoja usiobadilika, na mikono ndiyo inayoipeleka nguo mbele, nyuma, upande, mpaka herufi zinatokea. Kule ng'ambo hii inaitwa kushona huru, na huo ndio ufundi wa maua na mawimbi unayoyaona juu ya mifarishi ya gharama. Fundi wa kudarizi wa Tunduma hana cha kujifunza hapo zaidi ya kuzoea unene.

Kuna mambo matatu tu ya kuyajua. La kwanza ni meno, yale yanayosukuma kitambaa chini ya mguu. Kwa kushona huru hayatakiwi kugusa nguo. Baadhi ya vyerehani vina kitufe cha kuyashusha. Kama chako hakina, kata kipande cha plastiki ya dumu, kitoboe tundu mahali pa sindano, kibandike juu ya meno, kisha rudisha urefu wa hatua kwenye sifuri. La pili ni ule wenzo unaoshusha mguu. Hata kama mguu umeung'oa, lazima uushushe, kwa sababu ndio unaofunga tensheni ya uzi wa juu. Ukisahau, juu utaona mshono mzuri na chini utakuta fundo la nyuzi lisilofunguka. La tatu ni vidole. Bila mguu hakuna kinachoizuia sindano isikufikie. Nguo nyembamba inakaa kwenye duara la mbao, lakini mfarishi mnene hauingii. Tafuta mguu wa springi, ule mdogo unaoruka pamoja na sindano. Bei yake ni ndogo kuliko kushonwa kidole.

Usiyetaka maua, je, wajua mistari iliyonyooka ndiyo yenye ujanja zaidi? Meno huvuta tabaka la chini, mguu hulizuia la juu, na ukifika mwisho wa mfarishi kitambaa cha juu kimebaki na mkunjo wa inchi nzima. Mashine za kisasa zina mguu maalumu unaovuta juu na chini kwa pamoja. Wewe una bandi. Piga bandi kubwakubwa kwa mkono, kila kiganja kimoja, au shikiza kwa pini za nepi. Kisha legeza ile skrubu iliyo juu kabisa ya kichwa cha cherehani, inayokandamiza mguu, ili tabaka za unene ule zipate kupita. Anza katikati ya mfarishi, toka nje, na mistari yote iende upande mmoja. Upande unaosubiri zamu ukunje duara kama mkeka upite chini ya mkono wa mashine. Ukianzia katikati, chini ya ule mkono hapatakaa zaidi ya nusu ya mfarishi hata mara moja.

Na uzito wake? Weka meza au hata kreti upande wa kushoto. Mfarishi unaoning'inia huivuta sindano mpaka inapinda.

Je, wajua hesabu ya kitanda cha futi 5 kwa 6? Kata viraka vya mraba vya inchi 6 na nusu. Kila mshono wa kuunganisha unakula robo inchi kila upande, kwa hiyo kiraka kinabaki inchi 6 kamili. Viraka 10 kwa upana ni inchi 60, viraka 12 kwa urefu ni inchi 72. Jumla 120, na hiyo ndiyo futi 5 kwa 6 bila kupungua wala kuzidi. Kitenge cha upana wa inchi 45 kinatoa viraka 6 kwa kila ukanda, kwa hiyo kanda 20, yaani yadi 4 hivi. Kipande cha yadi 6 kinatosha na chenji inabaki. Lakini mwenye akili hanunui kitenge kipya kwa kazi hii. Anaokota vipande vilivyobaki mezani kwa fundi. Robo inchi ukiikosea kidogo tu, kosa linajirudia kwenye kila mshono, na safu hazitakutana. Bandika plasta kwenye kitako cha mashine, robo inchi kutoka kwenye sindano, na kitambaa kipite hapo bila kuvuka mstari.

Je, wajua Tunduma huenda ndiyo sehemu rahisi kuliko zote Tanzania kukusanya viraka visivyofanana? Ng'ambo ya barabara ni Nakonde ya Zambia, ambako kitenge huitwa chitenge na ndilo vazi la kila siku la akina mama. Huku kwetu kuna kanga za Dar es Salaam, vitenge vya pande zote mbili, na marobota ya mitumba. Hata kuvuka kwenda kuvichukua kumerahisishwa: tangu Oktoba 2019, kituo cha pamoja cha mpakani kilipofunguliwa na marais wa wakati huo, John Magufuli na Edgar Lungu, msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi mbili mahali pamoja.

Ila chunguza unachookota. Chomoa uzi mmoja uuchome: wa pamba huungua taratibu na kuacha majivu laini, wa poliesta huyeyuka ukaganda kidonge cheusi kigumu. Usivichanganye kwenye mfarishi mmoja, kwa sababu pasi ya mkaa inayonyoosha pamba vizuri itaikunja poliesta papo hapo. Na fua kitenge kipya kabla ya kukata. Dawa ya kiwandani itoke, rangi ya kuchuja ichuje sasa, na kama ni cha kunywea kinywee kikiwa bado si kiraka.

Je, wajua pamba ya kujazia mfarishi haitoki mashambani kwetu kusini? Pamba ya Tanzania kwa sehemu kubwa hulimwa Kanda ya Ziwa, Simiyu na Shinyanga zikiongoza. Maeneo ya kusini yanayopakana na Zambia, Malawi na Msumbiji yaliwekewa karantini ya zao hilo kwa miongo mingi, kuzuia funza mwekundu wa vitumba asivuke kwenda kaskazini. Kwa hiyo mkazi wa Songwe hujazia alichonacho. Blanketi lililochakaa ndilo bora: halihami, halitaki mishono mingi, na limeshalipiwa.

Wazo la kwamba viraka ni alama ya ufukara nalo lifikiriwe upya. Huko Gee's Bend, Alabama, wanawake weusi, wengi wao wakiwa kizazi cha watumwa wa mashamba ya pamba, walishona matandiko kwa suruali za kazi na mashati yaliyochakaa, kwa sababu nyumba zilipitisha baridi. Mwaka 2002 matandiko hayo yakaonyeshwa Houston na New York, na mwaka 2006 yakawekwa kwenye stempu za posta za Marekani. Suruali zilezile, magoti yaliyopauka yakionekana.

Kuna jamii iliyo karibu nasi zaidi kwa damu. Je, wajua Wasidi wa Karnataka, India, ambao miongoni mwa wazee wao wamo Waafrika waliochukuliwa kutoka pwani hii ya mashariki, wana mfarishi wao uitwao kawandi? Huanzia pembeni, si katikati. Mshonaji hulaza sari ya zamani chini, hupanga viraka kufuata ukingo, na huzunguka kwa mkono kuelekea ndani mpaka afunge katikati. Kwenye pembe huongeza vipande vidogo vilivyokunjwa, ambavyo jina lake kwao lina maana ya ua. Bila hivyo, wanasema kawandi iko uchi.

Je, wajua ubishi wa mkono na mashine ni wa zamani na umeshaamuliwa? Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, alishona mfarishi wa hadithi za Biblia uliofika kwenye maonyesho ya Athens, Georgia, mwaka 1886. Aliushona kwa mkono na kwa cherehani pia. Dhiki ilipomfika aliuuza: alitaka dola 10, akapewa 5. Leo unatunzwa na taasisi ya Smithsonian mjini Washington. Hata hivyo, kwenye mashindano makubwa kazi ya mashine iliendelea kudharauliwa mpaka mwaka 1989, Caryl Bryer Fallert alipochukua tuzo ya juu mjini Paducah, Kentucky, kwa mfarishi uliopigwa mishono yake yote kwa mashine. Kelele zilikuwepo. Tuzo haikurudishwa.

Je, wajua mafundi wa Paris waliwahi kuvamia karakana na kuvunja vyerehani? Mwenye karakana alikuwa Barthélemy Thimonnier, aliyepata hataza yake mwaka 1830 na kuweka mashine zipatazo 80 za kushona sare za jeshi. Mafundi wa mkono waliona chakula chao kinaondoka, wakazivunja. Thimonnier alikufa maskini. Watanzania tunaweza kuongeza hesabu moja hapo: Charles Mwijage, alipokuwa Waziri wa Viwanda, alisema vyerehani vinne ni kiwanda, na watu wakacheka. Kwa kipimo chake, siku ile Paris ilipoteza viwanda 20. Na cheko lenyewe halikuwa la haki sana, kwani sera ya Tanzania ya viwanda vidogo ya mwaka 2003 ilihesabu biashara ya watu 1 mpaka 4, yenye mtaji usiozidi shilingi milioni 5, kuwa biashara ndogo kabisa inayotambulika.

Je, wajua kulipa kidogo kidogo kulienezwa na cherehani? Kampuni ya Singer ilianza kuuza kwa mafungu mwaka 1856, kwa wazo la Edward Clark, mshirika wa mwanzilishi wake, kwa sababu familia nyingi zisingeweza kutoa bei yote kwa mkupuo. Simu ya mkopo ya leo ni mjukuu wa mpango huo.

Je, wajua mafuta ya kupikia huua cherehani taratibu? Yanaganda, yanakuwa gundi, na baada ya miezi michache gurudumu halizunguki. Tia mafuta ya cherehani, tone moja moja kwenye kila tundu, hasa unaposhona mfarishi, kwani blanketi kuukuu hutoa mavumbi mengi. Kila ukibadilisha bobini, fungua upande wa chini, toa yale manyoya kwa brashi ndogo. Kwenye cherehani cha miguu gurudumu linazunguka kuelekea kwako. Likirudi nyuma uzi unakatika, kwa hiyo lianzishe kwa mkono wa kulia kabla mguu haujakanyaga. Umeme ukikatika Tunduma, wewe endelea.

Na wewe fundi unayefagia vipande kila jioni na kuvichoma nyuma ya banda: weka gunia chini ya meza. Kila kipande kinachofika inchi 6 na nusu kitie humo. Vikifika 120, kitanda cha futi 5 kwa 6 kimepata tandiko, na hujanunua hata yadi moja.